Lodi 11 kwenye seva ya kori 4: prosesa imezidiwa au namba inadanganya?

#1 Kaskazi_Mvita
Salaam wakuu. Nina swali, na nalitaka jibu kabla tajiri hajafungua mkoba.

Ofisi yetu iko mjini hapa Mombasa, kazi yetu kutoa mizigo bandarini. Seva ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi, ina Ubuntu (aina ya Linux), inahifadhi faili za ofisi nzima na databesi ndogo ya hati za makontena. Kila asubuhi kuanzia saa tatu hadi karibu saa tano ni vilio: faili haifunguki, ukihifadhi kazi skrini inaganda, mteja amesimama dirishani anagonga kidole.

Juzi tajiri kamleta kijana mmoja. Kijana kapiga amri ya uptime, zikatoka namba tatu mwishoni, za lodi, yaani mzigo wa mashine: 11.42, 10.87, 7.30. Akasema, "Mzee, una kori nne, kikomo chako ni 4. Uko karibu mara tatu. Prosesa imekufa, nunua mashine mpya." Tajiri sasa anaulizia bei.

Mie nikafungua top, programu inayoonyesha mashine inafanya nini, nikaona prosesa inatumika asilimia 6. Sita! Kuli aliyebebeshwa magunia mara tatu ya uwezo wake anawezaje kuwa amekaa kivulini anakunywa maji?

#2 Mahamri_Mbaazi
11.42 ni asilimia. Bado una 88 na chenji. Chapa kazi.

#3 Fundi_Makupa
#2 usipotoshe watu asubuhi asubuhi. Si asilimia hata kidogo, ni hesabu ya vichwa.

Kaskazi, simama pale kivuko cha Likoni upande wa kisiwani saa kumi na moja jioni. Kori ni feri. Walio ndani ya feri wanahesabiwa, na waliobanana kwenye mteremko wakingoja nao wanahesabiwa. Feri nne, vichwa vinne: lodi 4.00, hakuna anayengoja. Vichwa kumi na moja: wanne wanavuka, saba wanapigwa jua. Namba ya kwanza ni ya dakika 1, ya pili dakika 5, ya tatu dakika 15. Zako ukizisoma kutoka nyuma zinapanda, 7 kisha 10 kisha 11, yaani foleni inarefuka.

#4 BintiTudor
Fundi mfano mzuri lakini swali hujaligusa. Kama feri zote nne zimejaa, asilimia 6 yatoka wapi? Feri zinavuka tupu na huku watu wamejaa ufukweni?

#5 Fundi_Makupa
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea dada, mteja kanikatiza. Narudi.

#6 Chai_Rangi
Naweka kituo hapa. Mie pia naonaga hizo namba nazipita tu kama kibao cha barabarani.

#7 Nahodha_Tanga
Kabla Fundi hajarudi. BintiTudor umeuliza swali lenyewe hasa. Ndiyo, feri zinaweza kuvuka tupu na lodi ikawa 11, na hili ni la Linux.

Kwenye mifumo mingi ya ukoo wa Unix, lodi inahesabu michakato (programu zinazoendeshwa) inayotumia prosesa na ile iliyo tayari inangoja zamu. Linux inaongeza kundi la tatu: michakato iliyo katika hali D, usingizi usioamshika. Hiyo mara nyingi inangoja diski. Haitaki prosesa kabisa wakati huo, lakini inahesabiwa.

Kwa mfano wa Fundi: mwenye gari pale Likoni hulipia kwanza. Sasa dirisha la tiketi limekwama, magari saba yamesimama pale. Feri ziko tupu, nahodha anapiga honi. Mhesabu wa FreeBSD, mmoja wa ukoo wa Unix, atasema foleni ya feri haina mtu. Mhesabu wa Linux atasema ni saba, kwa sababu kwake yeye anayengoja tiketi na anayengoja feri wote ni watu waliokwama Likoni.

Kwa hiyo kijana wa tajiri wako kasoma namba sawa. Alichokosea ni kudhani wote wanaongoja wanaingoja prosesa. Namba yenyewe haisemi wanangoja nini.

#8 Fundi_Makupa
Nahodha kanivukia feri yangu mwenyewe. Haya, namwachia usukani.

#9 Mahamri_Mbaazi
Kwa hiyo Linus Torvalds, baba wa Linux, aliamka siku moja akabuni namba, akaiharibu papo hapo?

#10 Nahodha_Tanga
Hakuibuni yeye. Hesabu hii ni kongwe kuliko Linux: mfumo wa TENEX ulikuwa nayo tayari miaka ya 1970, ipo hata hati ya RFC 546 inayoorodhesha lodi za mashine za TENEX za Julai 1973. Linux ilipoanza ilihesabu kama wengine. Kundi la D liliingizwa mwaka 1993 kwa kiraka (rekebisho dogo la msimbo) cha mtu aitwaye Matthias Urlichs. Hoja yake ilikuwa hii: ukitoa diski ya kasi ya swapu (mahali pa kumwaga vitu memori ikijaa) ukaweka ya polepole, kompyuta inazidi kuwa nzito, lakini lodi inashuka, maana michakato imelala inangoja. Kwake hilo lilikuwa kinyume na akili. Aliyekwenda kuufukua ujumbe huo kwenye kumbukumbu za zamani ni Brendan Gregg, mtaalamu wa kupima kasi ya mifumo, mwaka 2017.

Na kwenye faili la kerneli (kiini cha Linux) linalokokotoa namba hii kuna maelezo ya waandishi wenyewe wakiita ni namba ya kipuuzi, ila watu wanadhani ni muhimu.

#11 Mahamri_Mbaazi
Basi nilikuwa sahihi #2. Namba ya kipuuzi, chapa kazi.

#12 BintiTudor
Hukuwa sahihi, ulibahatisha karibu na msikiti.

#13 Kusi_Nyali
Nina mgogoro na #1 kwanza. Kaskazi, una hakika ni kori nne? Piga lscpu, amri ya kueleza prosesa, usome vizuri, usitegemee nproc peke yake, hiyo inatoa idadi tu.

#14 Kaskazi_Mvita
Shukran nyote. Nimepiga. Kori kwa soketi: 2. Nyuzi kwa kori: 2. Soketi: 1. Ina maana nilidanganywa nilipoinunua?

#15 Kusi_Nyali
Hukudanganywa, ulihesabiwa kwa njia ya muuzaji. Una kori mbili za kweli, kila moja inajifanya mbili. Mfumo unaona nne. Nyuzi mbili za kori moja zinagawana viungo vilevile, kama mafundi cherehani wawili kwenye cherehani moja: mmoja akisimama kukata kitambaa mwenzake anashona. Kuna faida, lakini si cherehani mbili. Kwa hiyo hiyo kanuni ya "kikomo ni 4" hata kwa kazi ya prosesa tupu ni ya kulegeza.

#16 Chai_Rangi
Yaani huu ni uzi unaozungumzia nyuzi.

#17 Kusi_Nyali
Na wewe ndiwe fundo.

#18 Nahodha_Tanga
Kaskazi, kesho saa tatu na nusu, watu wakianza kulia, fanya haya. Fungua top, utuletee mstari mzima wa prosesa, hasa herufi wa (kungoja diski) na st; us na sy ni kazi, id ni kukaa bure. Kisha orodhesha walio katika hali D:

ps -eo state,pid,comm | grep ^D

Rudia mara tano sita, usiangalie mara moja ukakimbia. Na vmstat 5, iache dakika mbili, tazama safu r (walio kwenye prosesa au wanaoingoja), b (waliokwama wakingoja diski), si na so (swapu kuingia na kutoka).

#19 Jahazi_Unguja
Mie natia neno kwenye st. Nilikodi seva ya mtandaoni, jina la kampuni naliacha. Lodi 6, kori 2, na mie nina tovuti ndogo ya kuuza vitenge haina hata wageni mia kwa siku. Nikabadilisha programu, nikafuta picha, nikagombana na mke wangu bure. Kumbe st ilikuwa inagusa 40. Hizo ni nyakati ambazo seva yangu ilitaka prosesa na mashine mama ikampa jirani. Hapo lodi ilikuwa ya prosesa kweli, ila mlaji si mimi.

Kaskazi yake iko chini ya meza, halimhusu. Nimesema tu kwa atakayepita hapa.

#20 BintiTudor
Na kinyume chake kipo. Mie nilikuwa na programu ya kazini lodi 0.20, nzuri kama maji ya mtungi, na kila ukurasa unachukua sekunde tisa. Michakato ilikuwa inangoja jibu kutoka seva nyingine ya mbali. Kungoja mtandao namna ile ni usingizi wa kawaida, hali S, hauhesabiwi. Kungojeana kufuli ndani ya databesi vilevile kwa kawaida hauhesabiwi. Mkubwa wangu akitazama 0.20 ananiambia, "Mbona mfumo uko vizuri, ninyi ndio wazembe."

#21 Fundi_Makupa
Mie bado nashikilia prosesa, msinicheke. Nafungua kompyuta hizi kila siku, na za pwani ninazijua kwa harufu. Seva iko chini ya meza ya mapokezi, mlango unafunguka mia kwa siku, vumbi, joto la Machi, hewa ya chumvi. Nimeshaitoa feni imevaa sufi kama paka. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kazi ya sekunde moja inakuwa ya tatu, walio nyuma wanarundikana, lodi inapanda. Pima joto kabla ya yote.

#22 Nahodha_Tanga
Fundi hilo ni kweli, lakini prosesa iliyojipunguzia kasi ingeonekana na kazi nyingi, si asilimia 6. Polepole lakini imeshughulika.

#23 Fundi_Makupa
Asilimia 6 kaisoma saa ngapi? Hajasema. Kijana kapiga uptime juzi, yeye kafungua top labda baada ya chai.

#24 Kaskazi_Mvita
...Fundi kanishika. Uptime ilikuwa kama saa nne kasorobo. Top niliifungua baadaye, pengine dakika kumi baada ya kijana kuondoka.

#25 Kusi_Nyali
Hahaha. Na hapo kuna jingine. Hizo namba tatu si wastani wa kweli wa kujumlisha na kugawa, kila moja ina kumbukumbu inayofifia. Kerneli inachungulia kila baada ya sekunde tano hivi, inapunguza thamani ya zamani kidogo na kuongeza mpya kidogo. Ukianzisha mchakato mmoja mlafi kwenye mashine iliyotulia, baada ya dakika nzima namba ya "dakika 1" itasoma kama 0.63 tu, haitafika 1. Na ukiuondoa mzigo wote lodi ikiwa 8, dakika moja baadaye bado utaona karibu 2.9. Ni kama harufu ya samaki jikoni: samaki ashaliwa, harufu ipo. Kwa hiyo lodi ya saa nne kasorobo na top ya saa nne haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

#26 Mahamri_Mbaazi
Samaki gani?

#27 Kusi_Nyali
Tasi. Endelea.

#28 Mahamri_Mbaazi
Wa kupaka au wa kukaanga? Maana wa kupaka harufu yake haifiki hata dakika 5, jirani washaingia.

#29 Chai_Rangi
Mie natumia Windows, sina hizi lodi. Nina asilimia tu na maombi.

#30 Kaskazi_Mvita
Leo nimekaa chini ya meza kama mtoto aliyeiba sukari. Saa tatu na dakika 35. Lodi 9.80, 8.12, 4.66. Mstari wa top, nimeunakili hapohapo: us 4, sy 2, id 60, wa 34, st 0.

Walio katika D, nimerudia mara sita, wanabadilika kidogo lakini hawa hawaondoki: rsync mmoja, jbd2/sdb1, kworker mmoja au wawili, na smbd kati ya watatu na sita. vmstat: safu r ni 0 au 1, b ni 6 hadi 9. si na so si sifuri, zinacheza kwenye mamia.

Joto: 91. Fundi usicheke.

#31 Fundi_Makupa
Sicheki. Nanywa maji tu.

#32 Nahodha_Tanga
wa 34 hiyo! Hao smbd ndio watu wako wanaofungua faili, na r ya 0 au 1 inasema foleni ya prosesa haipo. Ni diski. jbd2/sdb1 na kworker ni kazi za kerneli yenyewe, na hiyo ya kwanza inaandika kwenye diski sdb. sdb ni ipi?

#33 Kaskazi_Mvita
sdb ni diski ya nje ya USB. Ya bakapu. Niliiweka mwenyewe mwaka jana, rsync, programu ya kunakili faili, inaanza saa tatu kamili asubuhi.

#34 BintiTudor
Bakapu ya saa tatu asubuhi. Yakhe.

#35 Kaskazi_Mvita
Umeme unazimwa ofisini jioni tukifunga! Tajiri hataki kitu kiwake usiku. Ningeiweka saa ngapi?

#36 Kusi_Nyali
Ngojeni, msimhukumu Kaskazi haraka. Kwanza wa si kazi ya prosesa. Ni muda ambao kori imekaa bure na kuna mtu aliyelala akingoja diski. Ingekuwepo kazi nyingine ya hesabu, hiyo 34 ingeliwa ikaonekana ndogo, na diski ikabaki mbovu vilevile. Kwa hiyo isichukuliwe kama kipimo cha ubovu.

Pili, smbd wanasoma sda au sdb? Faili za ofisi ziko kwenye diski ya ndani, ndiyo sda. rsync anasoma sda, anaandika sdb. Ikiwa smbd wamekwama, huenda sda ndiyo inayochoka. Au memori imeisha, ndiyo maana si na so zinacheza, na swapu iko sda hiyohiyo. RAM ngapi?

#37 Kaskazi_Mvita
4 GB.

#38 Kusi_Nyali
Ahaa.

#39 Jahazi_Unguja
Mie nasema kebo. Nilikuwa na diski ya nje inajikata na kujiunga yenyewe kila dakika chache. Mchakato ulionasa humo huuwi, hata kwa kill -9: hali D haisikii ishara mpaka diski ijibu. Tazama dmesg, ujumbe wa kerneli, kama kuna malalamiko ya USB kuresetiwa.

#40 Kaskazi_Mvita
Jahazi, yapo. Matano tangu asubuhi.

#41 Fundi_Makupa
Hesabu ya sasa: Nahodha diski ya nje, Kusi memori, Jahazi kebo, mie joto. Tufungue kamati.

#42 Nahodha_Tanga
Kuna njia ya kuacha kubishana. Kerneli kuanzia 4.20, ya mwaka 2018, ina folda /proc/pressure. Ndani kuna faili za cpu, memory na io, kila moja inakwambia asilimia ya muda ambao kazi zilikwama kwa sababu hiyo mahsusi. Lodi inakupa kikapu kizima, hizi zinachambua mchele na pumba. Fungua zote tatu hiyo saa tatu na nusu, Kusi na mimi tutaombana radhi.

#43 Kaskazi_Mvita
Inasema hakuna folda kama hiyo. Ubuntu 18.04, kerneli 4.15.

#44 BintiTudor
18.04! Msaada wake wa kawaida uliisha 2023. Mwambie tajiri pesa ya mashine mpya abaki nayo lakini siku moja ya kusimika mfumo upya akupe.

#45 Mahamri_Mbaazi
Uzi umeanza na prosesa, sasa mgonjwa ana presha lakini kipimo cha presha hakuna.

#46 Kaskazi_Mvita
Wakuu narudi, Jumatatu. Jumamosi mchana ofisi ilikuwa tupu, nikafanya usafi. Fundi, feni ulivyosema hasa, ile sufi ilitoka nzima kama kofia. Nimeweka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa. Kebo ya USB nimebadilisha. rsync nimeihamisha saa saba mchana watu wakienda kula, nikaipa ionice, iwapishe wengine kwenye diski. Na RAM nimepata ya mtumba, sasa ni 8 GB.

Leo saa tatu na nusu: 0.84, 0.71, 0.52. Hakuna aliyelia. Joto 63.

#47 Kusi_Nyali
RAM. Nilisema.

#48 Jahazi_Unguja
Kebo hiyo.

#49 Fundi_Makupa
Kutoka 91 hadi 63 mnataka ushahidi gani zaidi?

#50 Nahodha_Tanga
Kaskazi kwa nini umebadilisha vitu vyote siku moja? Hatutajua kamwe.

#51 Kaskazi_Mvita
Nahodha, mshahara wangu haulipwi kwa utafiti.

#52 BintiTudor
Na saa saba mchana lodi yaendaje, rsync ikianza?

#53 Kaskazi_Mvita
Nimetazama leo. 5.10. Na kuna binti wa hesabu hakwenda kula, alikuwa anafungua faili zake kama kawaida, hakuona chochote. 5.10 na mashine iko laini! Ndiyo kwanza nimechanganyikiwa zaidi.

#54 Kusi_Nyali
Kama wanaongoja ni rsync na wenzake tu, binti wa hesabu halimhusu. Watano wamelala dirishani, yeye kapita mlango mwingine.

#55 Nahodha_Tanga
Au RAM mpya imemwekea faili zake kwenye kashe, yaani ndani ya memori, hagusi diski hata kidogo. Tazama safu b ukiwa

#56 Nahodha_Tanga
Samahani, umeme. Tazama safu b kesho saa saba, na iostat -x, amri ya kupima diski, kwa sda na sdb kila moja peke yake.

#57 Kaskazi_Mvita
Nitatazama. Ila nina tatizo jipya. Tajiri kashajua kupiga uptime. Nilimwonyesha Jumatatu kwa furaha zangu, sasa kila asubuhi ananiita. Leo kanitumia ujumbe saa nne: "Imeandika 0.31. Mbona watu hawafanyi kazi?"